Siku yangu ya Januari: moshi, vumbi na setilaiti

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai bado iko jikoni, mimi, mwandishi wa taarifa za hewa chafu hapa Kampala, niko kwenye picha za usiku za Meteosat. Setilaiti hii imekaa kilomita 36,000 juu ya ikweta na hutuma picha mpya kila dakika 10 hadi 15. Picha ya vumbi hutengenezwa kwa mawimbi ya joto, kwa hiyo giza haliisumbui, na vumbi hutokea kwa rangi ya waridi. Leo waridi liko Bodélé, kaskazini mwa Chad, kati ya milima ya Tibesti na Ennedi. Zamani palikuwa ziwa. Udongo wa kitako chake ni mweupe na mwepesi sana, na upepo ukibanwa na milima ile miwili unaukomba. Jua likichomoza huko, mambo yatazidi.

Saa mbili kasoro robo. Taksi ya Kawempe, foleni ya Bwaise. Konda anamweleza abiria kwamba utusitusi huu umetoka Sahara. Sahara husingiziwa mengi! Msimu huu vumbi la Bodélé kwa kawaida hushika njia ya kusini-magharibi, kuelekea Nigeria na Kameruni. Hewa chafu ya Bwaise asubuhi ina wenyewe: takataka zilizochomwa usiku, majiko ya mkaa, moshi wa boda boda na barabara za murram. Baridi ya alfajiri huikandamiza chini mpaka jua lipate nguvu.

Saa tatu. Ofisini nafungua ramani ya mioto ya NASA. Nukta nyekundu zimejaa Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, nyingine ziko West Nile na Acholi, kaskazini mwa Uganda. Kiangazi ni wakati wa kuchoma nyika. Kifaa cha VIIRS, kinachopima joto kutoka kwenye setilaiti, hugawa ardhi katika vipande vya mita 375, kile cha zamani, MODIS, vya kilomita moja. Nukta haimaanishi kwamba kipande chote kinaungua, ila kuna joto la moto humo ndani. Na nyasi kavu huisha upesi: moto unaweza kuwaka na kuzimika kabla setilaiti haijapita tena.

Saa tano nampigia simu mzee mmoja wa Arua, huko West Nile. Kazi hii bila simu ni nusu ya kazi.

"Salaam aleikum, mzee. Mlima Wati unaonekana leo?"

"Wa aleikum salaam, mwanangu. Wati? Tangu jana hatujauona."

"Na harufu?"

"Nyasi zilizoungua. Hata nguo kwenye kamba zinanuka."

Harufu hiyo hakuna setilaiti itakayoniletea.

Saa saba, posho (ugali) na maharage.

Saa nane na dakika ishirini hivi, Suomi NPP na wenzake, setilaiti zinazobeba VIIRS, wanapita. Maandishi yao yanasema saa saba na nusu, lakini hiyo ni saa ya jua, na saa zetu za Uganda zimelitangulia jua. Data hufika baada ya saa kadhaa.

Saa kumi na moja na nusu ndipo kichwa kinaanza kuuma. Picha inaonyesha utando wa kijivu kutoka Juba hadi Ziwa Kyoga. Sentinel-5P, setilaiti inayopima gesi za hewani, nayo inaonyesha kaboni monoksidi, gesi ya vitu vinavyoungua, imepanda palepale, basi ni moshi, si vumbi tupu. Lakini uko juu kiasi gani? Setilaiti inatazama kutoka juu na kuubana unene wote wa hewa katika picha moja. Moshi ulio kilomita tatu angani utalifanya jua kuwa jekundu bila kumkohoza mtu. Nageukia vipimo vya ardhini vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Gulu imepanda tangu alfajiri, na mchana haikushuka. Uchafu wa majiko na magari ungepungua kufika saa sita. Kampala ilishuka kama kawaida yake.

"Tuandike Sahara?" mwenzangu ananitania.

Tunaandika: moshi wa mioto ya nyika umeshuka hadi ardhini kaskazini, wenye pumu wa Arua na Gulu wapunguze kazi za nje kesho, na Kampala moshi huo haujafika ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri chembechembe ndogo zisizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa siku, na Gulu leo imevuka hapo.

Saa moja usiku taarifa imetoka. Mzee wa Arua nimempigia mwenyewe.