Nilivyochagua fremu ya baiskeli ya kazi

Nilitaka baiskeli ya kwenda na kurudi kila siku, mvua au jua, na mzigo nyuma. Kwa hiyo fremu nilianza kuikagua kwa nyuma. Wauzaji wao hupenda uinyanyue kwa mkono mmoja ujionee ilivyo nyepesi, lakini nikishafunga kilo 20 kwenye keria wepesi huo wa nini?

Kwanza nilitafuta matundu ya skrubu karibu na ekseli, mawili kila upande: la keria na la madigadi. Fremu isiyo nayo hufungwa keria kwa vibano, navyo hulegea. Kisha nikapima kutoka katikati ya ekseli inayozungusha mikono ya pedeli hadi ekseli ya nyuma. Fremu za mashindano huwa na kama sentimita 41. Mimi nilitaka 44 au zaidi, maana ikiwa fupi kisigino kinagonga mifuko ya pembeni. Tairi pana nalo lilipaswa kuingia na kuacha nafasi ya madigadi na tope.

Alumini haipati kutu, nakubali. Ila chuma kikipata ufa, fundi wa kuchomelea wa kawaida atakiziba. Alumini inataka mtaalamu wake, na joto la kuchomelea huidhoofisha pale pale penye kiungo. Nikaamua chuma.

Kwa kuwa zote zilikuwa za mtumba, nilikwenda na uzi. Unaufunga pale ekseli inapokaa upande mmoja, unauzungusha mbele ya kichwa cha fremu (bomba fupi la mbele linaloshika usukani), unaurudisha upande wa pili na kuukaza. Halafu unapima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Fremu moja yenye rangi ya kuvutia sana ilipishana milimita 6, na chini ya bomba la chini, karibu na kichwa, rangi ilikuwa imejikunja. Hiyo iligonga kitu kwa mbele. Nikaiacha.

Niliyoichukua ina bomba la juu lililoshuka. Eti ni ya kike! Mzigo ukiwa mrefu nyuma, mguu utaurushia wapi? Huyumba kidogo nikibeba vizito, basi napunguza mwendo. Nguzo ya kiti ni ya alumini, kwa hiyo niliipaka grisi kabla ya kuichomeka; ikikaa kavu ndani ya chuma hushikana isitoke tena.