Daudi Alimkasirikia Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 2 Samweli 11 na 12. Najua wengi mkisikia sura hizi mnamkumbuka Bathsheba na mfalme juu ya dari. Safari hii tumtazame Daudi kama amiri jeshi mkuu, maana sura inaanza na vita: Yoabu, jemadari wake, na jeshi wako Raba, mji wa Waamoni, mfalme amebaki Yerusalemu.

Uria, mume wa Bathsheba ambaye mfalme amempa mimba, anaitwa kutoka vitani. Daudi anamuuliza hali ya Yoabu, hali ya askari, vita vinaendaje. Maswali mazuri, ya kiongozi anayejali watu wake. Leo yangepigwa picha na kurushwa kwenye taarifa ya habari ya jioni. Kisha anamruhusu aende nyumbani akapumzike, na zawadi inamfuata nyuma. Uria haendi. Analala mlangoni pa nyumba ya mfalme pamoja na watumishi, kwa sababu wenzake wamelala vibandani na uwandani. Hila hiyo ikishindikana, na ya kumlevya nayo ikishindikana, anapewa barua ampelekee Yoabu. Anaibeba mwenyewe hukumu yake ya kifo, mkononi, safari nzima.

Ili kifo chake kifanane na vifo vingine vya vitani, ilibidi na wengine wafe pamoja naye. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya hao wengine. Habari zikifika ikulu, Daudi anamtumia Yoabu maneno ya kumtia moyo: asisononeke, upanga hula huyu, hula na yule. Nani atabisha? Vita ndivyo vilivyo. Wazee wetu waliisikia sauti kama hiyo Februari 1977, redio ya serikali ya Idi Amin ilipotangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda na mawaziri wawili wamekufa kwa ajali ya gari. Ajali nazo hutokea, sivyo?

Nabii Nathani anapokuja na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, Daudi anawaka. Anaapa, kama aishivyo Bwana, mtu huyo astahili kufa, na kondoo alipwe mara nne. Angalieni hapo: mara nne. Torati anaijua mpaka hesabu zake. Na hasira ile hakuiigiza. Mimi naamini aliumia kweli kwa ajili ya yule maskini, huku mjane wa Uria akiwa tayari ndani ya nyumba yake.

Ndiyo maana siku hizi simpimi kiongozi kwa jinsi anavyolaani mauaji ya upande wa pili. Tarehe 8 Juni 1998 waasi wa ADF waliwachoma moto wanafunzi wapatao 80 kwenye mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba, kule Kabarole, magharibi mwa Uganda. Nchi nzima ililia, wakubwa kwa wadogo, na sina sababu ya kutilia shaka machozi ya mtu yeyote. Mwezi Agosti mwaka huohuo vita kuu vikalipuka Kongo, majeshi yetu yakaingia, na sababu tuliyopewa ilikuwa hiyohiyo, usalama wa wananchi. Julai 1999 viongozi wakatia sahihi makubaliano ya Lusaka ya kusimamisha vita. Juni 2000, miaka miwili baada ya Kichwamba, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda yakapigana siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wa Uganda wala wa Rwanda. Mabomu yakaangukia nyumba za watu, raia wakafa kwa mamia. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia ya kuivamia Kongo, kuua raia na kupora mali. Mwaka 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Sisi tunaosali kwa Kiswahili hapa Kampala tunakaa benchi moja na watu waliozika ndugu zao kule. Mara ngapi tumewaombea kwa jambo lile?

Nathani alisema, "Wewe ndiwe mtu huyo." Lakini Nathani hakuwa amepokea gari jipya kutoka kwa mfalme wiki iliyotangulia. (Mnisamehe, wachungaji wangu.) Juni 2003, wakati serikali ikituambia kila mara kwamba Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, anakaribia kwisha, maelfu ya watoto walikuwa wakiingia mjini Gulu kila jioni kwa miguu, na mablanketi yao, wasije wakatekwa usiku vijijini. Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walikwenda kulala nje pamoja na watoto hao, siku nne. Hakuna hotuba ya vita ninayoikumbuka kuliko usiku huo. Kony naye alidai anapigania Amri Kumi.

Wapendwa, ugonjwa wa Daudi haukuishia ikulu. Tukisikia watu wameuawa Ituri au Kivu, swali la kwanza linalonong'onwa nje baada ya ibada huwa ni la kabila, na jibu ndilo linaloamua kama tutahuzunika.

Jumatano kwenye maombi tutasoma Zaburi 51, kisha Mathayo 1:6. Zaburi ya toba haimtaji Uria hata mara moja. Mathayo amemtaja, tena katikati ya ukoo wa Bwana wetu. Tutawaombea waliofiwa Kichwamba na waliofiwa Kisangani katika ombi moja. Mwenye ndugu aliyepotea vitani, wa upande wowote ule, aje na jina lake liandikwe kwenye daftari la maombi. Tunaanza saa kumi na moja jioni.