Siku moja maishani mwangu: kuisaka sianidi ndani ya muhogo

Saa 1:00 asubuhi. Naanza na chupa za jana, zilizokaa saa 16 kwenye joto la nyuzi 30. Kila moja ina miligramu 100 za unga wa muhogo, nusu mililita ya maji, kimeng'enya cha linamarasi, na juu yake karatasi ya pikrati isiyogusa unga. Linamarini, kemikali ya muhogo inayobeba sianidi, ikivunjwa na kimeng'enya hicho, sianidi yenye sumu hupanda kama gesi na kuigeuza karatasi kutoka njano hadi kahawia. Karatasi iliyolowa unga haisomwi. Rangi yake haiaminiki.

Kila karatasi nailoweka dakika 30 ndani ya mililita 5 za maji, kisha nasoma rangi kwa spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na rangi, kwenye nanomita 510. Kinachosomeka nazidisha kwa 396 kupata miligramu za sianidi kwa kilo ya unga. Unga mmoja leo umesoma 0.112, sawa na miligramu 44. Ugumu uko chini zaidi: kikomo cha Codex Alimentarius, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10, yaani somo la 0.025 tu. Alama ya kidole kwenye kuveti (kichupa cha kusomea rangi) ya kulinganishia inatosha kuupitisha unga usiofaa. Ndiyo maana kila kundi lina chupa isiyo na unga, na nyingine yenye kiasi cha linamarini kinachojulikana. Hiyo ya pili ikisoma pungufu, kimeng'enya kimechoka au kifuniko kimevuja, na kundi zima linarudiwa.

Saa 3:00. Unga uliosoma 44 naulowesha kwa maji, nautandaza kwa unene usiozidi sentimita 1, nauacha kivulini saa 5. Linamarasi iliyobaki ndani yake hufanya kazi yenyewe na gesi hutoka. Ukirundikwa, gesi hukwama katikati.

Saa 3:30. Mizizi mibichi. Kwenye seli nzima linamarini hukaa ndani ya vakuoli, kifuko cha ndani ya seli, na linamarasi kwenye ukuta wa seli. Hazikutani mpaka kisu kipite. Sumu haikai sawasawa ndani ya mzizi, kwa hiyo nakata visahani vya katikati kutoka mizizi kadhaa, na ganda nalipima peke yake. Gramu 50 zinaingia kwenye blenda ambamo tayari kuna mililita 250 za asidi ya fosforiki ya molari 0.1, baridi kutoka jokofuni. Asidi itangulie, muhogo ufuate! Ukisaga kwanza, kimeng'enya huanza kazi papo hapo, na sianidi, inayochemka kwenye nyuzi 26, huondoka na joto la blenda. Hapo muhogo mchungu utaonekana mtamu kwenye karatasi. Kosa la kupunguza ndilo ninaloliogopa kuliko la kuzidisha.

Saa 5:00. Mililita 2 za dondoo, yaani ile asidi iliyosagiwa muhogo, na 2 za asidi ya salfuri ya molari 4, kwenye mirija iliyofungwa, zinakaa dakika 50 ndani ya maji yanayochemka. Mirija haifunguliwi ikiwa moto. Kwanza barafu, kisha mililita 5 za sodiamu haidroksidi ya molari 3.6, na dakika 5 za kusubiri. Alkali huvunja sianohaidrini, zao la kati la linamarini iliyovunjwa, na kuishikilia sianidi ndani ya maji.

Saa 6:30 mchana. Natia kloramini-T, halafu piridini na asidi ya babituriki, kemikali zinazoipa sianidi rangi, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Rangi hukomaa kwa saa 1. Nasoma nanomita 605.

Saa 8:00. Taka. Mabaki ya sianidi hayakutani na asidi kamwe, kwani gesi itatoka mara moja. Nayaweka juu ya pH 11, yaani kwenye alkali kali, kisha natia hipokloriti inayoivunja sianidi. Asidi ya pikriki, inayotengenezewa karatasi za pikrati, nayo nakagua: lazima iwe na maji, maana ikikauka hulipuka, na kijiko cha chuma hakiigusi. Fuwele zikionekana shingoni mwa chupa, kifuniko hakizungushwi. Wanaitwa watu wa usalama.

Saa 9:00 alasiri. Unga wa kivulini napima unyevu wake kwanza, maana miligramu 100 za unga uliolowa si miligramu 100 za unga, na hesabu isiyosahihishwa itaupendelea. Chupa tatu za unga huo, tatu za ule mkavu, moja tupu, moja ya linamarini. Nafunga vifuniko, nakagua kila karatasi imening'inia, naziingiza kwenye nyuzi 30 hadi saa 1:00 kesho.