Kwa mbwa nilipewa ruhusa, kwa baba mdogo nikanyimwa

Juzi niliandika kwenye grupu la ukoo kwamba Molly amekufa. Jibu la kwanza lilitoka kwa binamu yangu: "Mbwa? Hela zote ulizommwagia si ungemalizia msingi?" Wengine wakafuatisha vikatuni vya kucheka. Limenikaa rohoni, nataka kulijibu.

Hela ya tofali inatoka kila mwisho wa mwezi na anayeipokea anajua. Molly hakula hela ya mtu.

Nilifika Leeds, Uingereza, katikati ya 2024 kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Tangu Machi mwaka huo, anayekuja kwa kazi hii haruhusiwi kuleta mke wala watoto. Na nyie mnaoniuliza njia kila wiki: tangu Julai 2025 waombaji wapya walio nje ya Uingereza wamefungiwa kabisa. Wakala anayekwambia nafasi bado zipo anataka hela yako tu.

Molly alikuwa labrador mweusi wa mzee niliyekuwa namhudumia. Mzee alipohamishiwa makao ambako mbwa hawapokelewi, binti yake akaniomba nimchukue. Mwenye nyumba akakubali kwa maandishi, na bila maandishi msithubutu. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unatoka kazini gizani, unafungua mlango, hakuna wa kukuuliza umeshindaje. Molly alikuwa anaujua mlio wa ufunguo wangu, nikiingia namkuta keshasimama, mwili mzima unatikisika. Majirani ambao hawakuwahi kuitikia salamu yangu walianza kunisimamisha Roundhay Park. Walimuuliza jina yeye kwanza, kisha mimi. Watoto wangu kule nyumbani walikuwa wanamwita kwenye simu, naye anainua masikio.

Siku moja namkuna shingo nikagusa vinundu chini ya taya, pande zote mbili, vigumu, wala havimuumi. Vingine nyuma ya magoti. Daktari wa mifugo akachoma sindano akavuta chembechembe za kupima, majibu yakaja: saratani ya tezi za limfu. Hakunificha. Akiachwa bila tiba ni wiki chache. Kwa dripu za dawa za saratani wengi hupata miezi, wengine hufika mwaka, lakini kupona ni nadra sana. Mimi nikiugua natibiwa hospitali ya serikali bure, mbwa hana hospitali hiyo. Bima ndiyo iliyobeba sehemu kubwa. Ukichukua mbwa huku, mkatie bima siku hiyohiyo, maana ugonjwa ukionekana kabla hujakata bima hawaulipii. Vidonge vilimpa kiu na njaa, usiku wa manane namtoa akakojoe mvuani. Sijutii usiku hata mmoja.

Vinundu viliporudi, aliacha kula hata kuku wa kuchemsha. Daktari akaja nyumbani. Sindano ya kwanza ya kumtuliza, ya pili dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, mpaka moyo unasimama. Alinitahadharisha kwamba macho yatabaki wazi. Kichwa cha Molly kilikuwa mapajani mwangu. Nilimsemesha Kiswahili, alikuwa amekizoea.

Asubuhi nikampigia meneja. Hata sikumaliza kueleza, akasema nisije, nipumzike, zamu zangu zitazibwa. Wenzangu wakachanga maua na kadi. Hakuna sheria ya Uingereza inayompa mtu likizo kwa sababu mbwa wake amekufa, alifanya kwa moyo wake, namshukuru. Ila nilipokata simu nililia kuliko nilivyolia usiku ule.

Baba mdogo alipofariki, ofisi hiyohiyo iliniuliza kama ni baba yangu mzazi. Nilieleza: ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, aliuza ng'ombe nikasoma sekondari. Wakasema utaratibu haumhesabu. Jioni ile niliingia zamu, nikamwogesha mzee wa watu, nikamvisha, nikampa dawa zake kwa wakati. Mazishi nilitazama kwenye simu, chooni, sauti nimeizima. Hakuna aliyeleta ua. Sisemi watu hawa ni wabaya, kwa Molly walinitendea utu mkubwa. Ila mtu aliyenilea hakustahili kupewa pungufu ya hapo, na hilo limeniuma mpaka leo.

Wanaocheka kwenye grupu wamesahau Mugumu tulikokulia. Wavulana wote tuliburuza mbwa kwa kamba kwenda kwenye chanjo ya kichaa, tunapanga foleni juani, na zizi la baba mdogo lililindwa na mbwa wake, Simba, usiku fisi wakilia.

Mama mdogo hakuandika kitu kwenye grupu. Alipiga simu. "Pole mwanangu," akasema. "Baba yako naye, Simba alipokufa, siku ile hakula. Alimchimbia mwenyewe nyuma ya zizi, akakataa kusaidiwa." Kisha akauliza Molly nimemweka wapi, na kama mimi mwenyewe nimekula. Nimeshaomba likizo yangu ya mwaka, Desemba nakwenda kukaa naye, na kaburini kwa baba nitafika.