Siku Moja Ngomeni na Kidato cha Pili

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kuvuka kivuko cha Likoni nilifunga mkobani bikari mbili, chaki na kamba ya katani. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Mombasa, na kwa muda mrefu nimeudhika kuona watoto waliokulia karibu na Ngome ya Yesu wakifundishwa pembe kwa michoro ya kitabuni peke yake.

Saa tatu asubuhi. Tuliingia langoni tukiwa thelathini na mmoja. Ngome hii, ambayo sasa ni makumbusho, ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na mtu akiitazama ramani hiyo kutoka juu huona umbo la binadamu lenye kichwa, mikono na miguu. Wasanifu wa Ulaya wa zama zile waliamini kwamba uwiano kamili umo mwilini mwa mtu. Wahenga wetu wa Pwani nao walipima kwa mwili: shibiri mbili ni mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima, yaani upana wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili. Basi kabla ya kugusa ukuta tulipimana wenyewe kwa kamba, pima ya kila mtu dhidi ya kimo chake, na wengi hawakupishana hata vidole vinne.

Saa nne na nusu. Hapa ndipo tulipokaa zaidi, juu ya buruji la San Felipe, mojawapo ya mawili yanayoelekea bara; buruji ni ile sehemu ya kona ya ngome inayochomoza nje ya ukuta. Niliwauliza kwa nini mjenzi hakuridhika na ngome ya pembe nne za kawaida. Tulichora mraba kwa chaki, tukamweka mwanafunzi mmoja katika kila kona awe mlinzi, kisha tukatafuta mahali ambapo adui angeweza kujibanza chini ya ukuta asionekane na yeyote. Palipatikana upesi. Tulipochora maburuji yaliyochomoza, mstari mnyoofu kutoka ubavu wa buruji moja ukapita mbele ya ukuta hadi usoni mwa buruji la pili, na maficho yale yakatoweka. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuyadhania maburuji haya kuwa mapambo tu, ilhali kila pembe yake imewekwa kwa ajili ya njia ya risasi za mizinga. Uzuri wake wa kutazama, kwa maoni yangu, unatokana na ukali huohuo wa hesabu.

Saa sita. Tulipita haraka kwenye michoro ya meli ambayo Wareno waliiacha ukutani, kisha tukala mahamri.

Saa nane mchana. Tuliingia Mji wa Kale, hatua chache tu kutoka ngomeni, kutazama milango ya nakshi. Niliwaonyesha jinsi bikari isiyobadilishwa upana inavyoligawa duara mara sita kamili na kuzaa ua la petali sita. Nikasema kwamba mfaa, ule ubao wa katikati, ndio mstari wa ulinganifu. Msichana mmoja akaninyoshea kidole: "Lakini Mwalimu, mfaa umepigiliwa kwenye ubawa mmoja tu." Alikuwa sahihi. Mlango unalingana ukifungwa, na ukifunguliwa ulinganifu unavunjika. Ndani ya nyumba moja ya zamani tulihesabu boriti za mikoko zilizoshika dari, na wakaelewa kwa nini vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba bali na urefu wa boriti.

Saa tatu usiku. Nilisahihisha ramani walizochora kwa hatua zao. Kundi moja lilikuwa na ukuta usiofunga. Mstari wa mwisho ulipungukiwa na hatua mbili kuufikia mwanzo. Nilirudia hesabu yao mara tatu bila kuona kosa, mpaka nilipoona pembeni majina ya wapimaji wawili: mrefu kuliko wote darasani, na mfupi kuliko wote.