Kabla ya mionzi ya shingo, ulizeni habari za tezi za mate

Ndugu zangu wa Dar, mwenye mgonjwa anayekaribia kuanza mionzi ya kichwa au shingo naomba asome hapa.

Mama yangu mdogo alitibiwa saratani ya koo. Uvimbe umekwisha, alhamdulillahi. Ila mate yamekauka. Ugali haushuki bila mchuzi mwingi, mkate unamganda kwenye ufizi, na chupa ya maji haimtoki mkononi hata ndani ya daladala. Meno nayo yameanza kuoza, maana mate ndiyo yanayoyalinda.

Tezi kubwa za mate ziko mbele ya masikio na chini ya taya, njiani kabisa mwa mionzi. Zikipata dozi kubwa, mara nyingi hazirudi katika hali yake. Madaktari hujitahidi wastani wa dozi kwenye tezi ya mbele ya sikio usizidi grei 26 hivi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Kuna mionzi inayopangwa ifuate umbo la uvimbe na kuikwepa tezi, kama uvimbe uko mbali nayo. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2011 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, waliosumbuliwa na ukavu wa mdomo kwa mionzi hiyo ya kukwepa tezi walikuwa asilimia 38, na kwa mionzi ya kawaida 74. Hiyo tofauti ni kubwa jamani!

Muulizeni daktari mapema: tezi ipi inaweza kuokolewa? Na mgonjwa aonwe na daktari wa meno kwanza, mionzi ifuate.

Mimi namtafutia mama dawa ya meno yenye floraidi nyingi. Aliyeiona duka lolote Kariakoo au Upanga aniandikie hapa chini.