Breketi ya kebo kwenye bomba: ziptai mbili, si moja

Kitu ninachokichapisha mara nyingi kuliko vyote kwenye printa yangu ya 3D (mashine inayojenga vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka) ni breketi ndogo, haifiki hata urefu wa kidole gumba. Upande mmoja ina mfereji unaokaa juu ya bomba, upande wa pili ina kitanda cha kulazia kebo, na mwilini ina matundu mawili ya kupitishia ziptai, yaani mikanda myembamba ya nailoni ya kufungia nyaya. Ziptai moja inaishika breketi kwenye bomba, nyingine inaishika kebo kwenye breketi. Uzuri wake wote uko hapo.

Wengi hufunga kebo na bomba pamoja kwa ziptai moja na kuivuta hadi mwisho. Inashika, ndiyo. Lakini siku ukitaka kuongeza kebo ya pili, inabidi ukate kila kitu na mzigo wote uning'inie. Tena, ziptai inayokazwa ili isiteleze kwenye bomba ndiyo hiyohiyo inayoikaba kebo. Kebo ya mtandao haitaki kukabwa: ndani yake mna jozi nne za nyaya zilizosokotwa kwa kipimo, na ukiziminya unaharibu mpangilio unaolinda mawimbi yasiingiliane. Maurus C. Logan wa kampuni ya Thomas & Betts alipobuni ziptai mwaka 1958, alikuwa anawaza mafungu ya nyaya ndani ya ndege. Kazi ya kung'ang'ania bomba ikabebwe na ziptai yake peke yake. Hiyo ninaikaza kwa plaizi mpaka breketi isicheze kabisa; ile ya kebo ninaiacha legelege, kebo iweze kuteleza ukiivuta kwa mkono.

Mfereji wangu si wa duara, ni wa V, pembe ya nyuzi 90. Bomba la chuma la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha 21.3 mm, la robo tatu 26.9 mm, na ya shaba yapo ya 15 na 22 mm. Mfereji wa duara utalikaa vizuri bomba moja tu, mengine yatayumba. V hugusa bomba sehemu mbili, liwe nene au jembamba, na inatulia. Faili moja, mabomba yote hayo.

Matundu ni 5.5 kwa 2 mm, yanatosha ziptai yenye upana wa 4.8 mm kupita bila kulazimishwa. Kingo za ndani nimezilainisha ziwe mviringo, maana nailoni iliyokunjwa juu ya ncha kali huanza kupasuka hapohapo.

Wakati wa kuchapisha, ilaze ubavu, umbo la V lionekane ukiitazama kutoka juu. Ziptai inapokazwa, bomba hutaka kuitanua miguu ya V. Tabaka zikiwa zimeikata miguu hiyo kwa upana, zitaachana. Breketi ikilala ubavu, kila tabaka ni V nzima na nyuzi za plastiki zinapita bila kukatika. Tena hakuna haja ya vishikizo vya kuchapishia, yaani nguzo za muda za kubeba sehemu zinazoning'inia. Weka kuta nne, yaani mistari minne ya plastiki kuzunguka ukingo wa kila tabaka; zinasaidia zaidi kuliko kujaza ndani.

Kwa plastiki ya kuchapishia, ile ya kawaida iitwayo PLA inafaa ndani ya nyumba kwenye bomba la maji baridi. Hulainika ikikaribia nyuzi joto 60, kwa hiyo bomba la maji ya moto litaipinda taratibu hadi ziptai ilegee. Huko tumia plastiki ya PETG, ambayo huvumilia hadi karibu 80. Nje juani ninatumia plastiki ya ASA, na ziptai nyeusi zilizotengenezwa kuhimili jua. Zile nyeupe za kawaida hukauka na kukatika.

Bomba la maji baridi hutoa jasho, na breketi inaiinua kebo isilale kwenye unyevu. Mabomba ya gesi na ya kuzimia moto usiyaguse kabisa, na waya za umeme mkubwa zina njia zake. Ninayoyasema hapa ni ya kebo za mtandao, spika, kamera na vihisi.

Mkia wa ziptai ukate kwa koleo la makali bapa, sawasawa na kichwa chake. Mkasi huacha kipande chenye ncha kali, na yule atakayepitisha mkono nyuma ya bomba hataiona hadi imchane.